Mtandao Wako na Funguo Zake: Mwongozo kwa Wenye Maduka, Shule na Ofisi za Thika na Ruiru

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye si fundi wala hana nia ya kuwa fundi, lakini ambaye, kwa sababu ya duka, shule, zahanati, saiba au ofisi aliyoifungua Thika, au Ruiru, au katika mitaa iliyochipuka kandokando ya barabara kuu baina ya miji hiyo miwili, amejikuta kuwa mwenye mtandao pasipo kukusudia: faiba imepenya tundu la ukutani, ruta inapepesa taa zake juu ya kabati, kompyuta tatu nne na mashine ya kuchapa zimeunganishwa, kamera inaangalia mlango, na simu iliyo mfukoni mwake ndiyo sanduku la fedha za biashara nzima. Mtu huyo huukumbuka mtandao siku unapokufa tu, na siku hiyo humwita mtu kama mimi, ambaye ninakula kwa kusimamia mitandao ya watu wengine.

Wengi huidhani kazi hii kuwa ni vita vya usiku na mchana dhidi ya wadukuzi wenye akili za kijini. Wadukuzi wapo, na nitawataja mahali pao. Walakini, baada ya kuingia katika vyumba vingi viitwavyo vya seva ambavyo kwa hakika ni stoo za mifagio, nasadiki ya kuwa sehemu kubwa ya hasara inayowapata wenye biashara ndogo haitokani na werevu wa adui, bali na mwenye mali kutoijua mali yake: hajui ana vyombo gani, hajui ni nani aliyeshika funguo, wala hajui nakala ya hesabu zake iko wapi. Mtandao usioandikwa popote, hata kama kila shilingi iliyoujenga imetoka mfukoni mwako, ni wa yule aliyeufunga.

Basi jambo la kwanza ni kununua daftari la jalada gumu, lile la kurasa nyingi ambalo mawakala na wauza maziwa huandikia hesabu, nawe uliweke mahali pasipofikiwa na mkono wa mteja. Nasema daftari la karatasi kwa makusudi, maana orodha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta hufa pamoja na kompyuta, saa ile ile inapohitajiwa. Andika humo kila chombo ulicho nacho, aina yake, namba iliyobandikwa chini yake, tarehe uliyokinunua na mahali kilipo. Andika jina la kampuni inayokuletea intaneti, namba ya akaunti yako, namba ya simu ya huduma kwa wateja, na siku ya mwezi ambayo malipo huisha, kwa kuwa si mara chache mimi huitwa kutibu mtandao ambao ugonjwa wake ni bili. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika na karatasi za kubandika, ufuate kila waya kutoka kwenye swichi hadi unakoishia, uandike jina lile lile katika ncha zote mbili: KAUNTA, OFISI YA MWALIMU MKUU, KAMERA YA NYUMA. Kazi hii huchukua alasiri moja na haina sifa yoyote, lakini asiyeifanya leo atamlipa fundi kesho asimame mbele ya fundo la nyaya za buluu na kijivu, akichomoa mmoja baada ya mwingine na kutega sikio asikie ni nani atakayepiga kelele. Nimeiona kazi ya namna hiyo ikifanywa katika shule moja siku ya kutuma alama za wanafunzi, na kelele zilikuwa nyingi.

Maneno ya siri usiyaandike katika daftari hilo. Yaandike kwenye karatasi ya peke yake, uitie ndani ya bahasha, uifunge, utie sahihi yako juu ya mfuniko ili ijulikane ikifunguliwa, nawe uiweke pale unapoweka hati ya ardhi. Bahasha hiyo sharti iwe na neno la kuingilia katika ruta, neno la kamera, neno la baruapepe ya biashara, na funguo za mahali pengine popote ambapo, iwapo utapatwa na maradhi au mauti, watu wako watapaswa kuingia.

Nami nasisitiza habari ya funguo kwa sababu hapa ndipo palipo na fitina kubwa kuliko zote, ijapokuwa haitangazwi redioni. Mwenye biashara humwita kijana aliyesifiwa na jirani, kijana hufunga mtandao kwa ustadi, huweka neno la siri alijualo yeye, hulipwa, huondoka. Mwaka ukipita amepata kazi Mombasa au Doha, simu yake haipatikani, na ruta haikubali kufunguliwa ila kwa kufutwa yote iliyokuwa nayo. Hapo hasara ni ndogo. Hasara kubwa ni ya jina la tovuti. Majina yanayoishia kwa .co.ke husimamiwa na KENIC, shirika lililoanza kazi hiyo 2002, na huuzwa na mawakala wake. Na mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye sajili, si yule aliyetoa fedha. Namjua tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi ambaye jina la duka lake, lililochorwa kwenye malori na kuchapishwa kwenye kila risiti, lilikuwa limesajiliwa kwa jina na baruapepe ya kijana aliyekosana naye, ikambidi alinunue jina lake mwenyewe kwa bei aliyopangiwa. Kabla hujalipa fundi yeyote salio lake la mwisho, mwambie mketi pamoja, akuonyeshe kwa macho yako kwamba sajili ina jina lako na anwani yako ya baruapepe, akukabidhi maneno yote ya siri, nawe uyabadilishe akiwa amekwisha kutoka mlangoni. Fundi mwaminifu hatachukia, na atakayechukia amekupa habari njema mapema.

Tuje kwenye umeme, kwa sababu katika miji hii stima huua vyombo vingi kuliko virusi. Kupotea kwake si ubaya. Ubaya ni kurudi kwake, ambapo huja kwa kishindo na kuunguza kile kilichokuwa kimeachwa wazi. Usikubali ruta au kompyuta yako ichomekwe moja kwa moja ukutani: ipitishe katika ile gadi ambayo watu hununulia friji na televisheni, na kompyuta yenye hesabu uipe betri ya UPS ili ipate walau nafasi ya kuzimwa kwa adabu. Ruta yenyewe hula umeme kidogo mno, aghalabu wa volti 12, na viko vibetri vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili yake ambavyo huiweka hai kwa saa kadhaa. Ila ufahamu ya kwamba betri yako hailishi kisanduku cha kampuni kilichotundikwa nguzoni mtaani. Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba karibu nchi nzima, palikuwa na watu waliokuwa na ruta zinazowaka na intaneti hawana, kwa kuwa vyombo vya mbele vilikuwa vimeishiwa nguvu. Muulize anayekuuzia intaneti kisanduku chake hudumu saa ngapi pasipo stima, na ikiwa biashara yako haivumilii kukatika, weka laini ya simu ya kampuni nyingine kama akiba.

Kuhusu radi, wakati wa mvua za masika na za vuli, neno langu ni fupi: usitandaze waya wa shaba angani baina ya jengo na jengo. Shule nyingi hufanya hivyo, ofisi huku na maabara kule, na waya umening'inia juu ya uwanja ukingoja. Radi ikipiga jirani hupita humo na kuchoma swichi za pande zote mbili. Fauka ya hayo, waya wa shaba wa mtandao haukukusudiwa kuvuka mita 100, na ukiuzidisha utapata mtandao unaokufa na kufufuka bila sababu ya dhahiri. Baina ya majengo tumia faiba, na hiyo faiba iwe isiyo na uzi wa chuma ndani yake, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme bali chuma hupitisha.

Sasa, siku mtandao utakapokatika, na utakatika, jizuie na ile tabia ya kuzima na kuwasha ruta mara tano mfululizo huku ukiilaani. Uliza kwanza ugonjwa uko wapi, maana waweza kuwa katika mahali patatu: chumbani mwako, kwa kampuni yako, au mbali kabisa ambako wewe wala kampuni yako hamna la kufanya. Tazama kisanduku cha faiba. Aghalabu kina taa iliyoandikwa PON, ambayo hukaa kijani bila kupepesa mambo yakiwa shwari, na nyingine iliyoandikwa LOS, ambayo ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba mwanga haufiki kwako: faiba imekatika au imekunjika mahali fulani, na hata ukizima na kuwasha hadi Kiyama haitaungika. Kati ya Juja na Ruiru, ambako malori ya mawe ya Ndarugu hupita kutwa na majengo mapya huota kila mwezi, faiba iliyotundikwa chini huchukuliwa na lori pasipo dereva kujua, na tingatinga huifukua ile iliyofukiwa. Piga simu, taja taa uliyoiona na rangi yake, na utashughulikiwa upesi kuliko yule anayesema tu kwamba haishiki.

Ikiwa taa ni njema, chukua kompyuta, ufungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike neno ping, uache nafasi, kisha uandike anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na yafaa iwe daftarini. Ikijibu, chumba chako ni salama. Rudia kwa anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google na hujibu karibu siku zote. Ikijibu, njia ya kutokea nje iko wazi. Mwisho, badala ya namba, andika jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina lisijibu, basi kilichoharibika ni lile daftari la majina ambalo kompyuta huliuliza ili ipate namba, na dawa yake ni kubadilisha mpangilio mmoja katika ruta, si kumwita fundi atoke Nairobi.

Mahali pa tatu ni baharini. Hadi 2009 Kenya ilikuwa ikipokea intaneti kwa setilaiti, na vijana hawakumbuki tena kituo cha Longonot, kilichofunguliwa 1970, kilivyokuwa mlango wetu wa kuongea na ulimwengu. Mwaka huo wa 2009 zilifika Mombasa kebo za TEAMS, itokayo Fujairah, na SEACOM, kisha 2010 ikafuata EASSy. Na kile unachokisoma hapa Makongeni au Kihunguro kimepita chini ya bahari, kikapanda bara kwa faiba hadi Nairobi, ndipo kikakufikia. Mnamo Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na Mombasa ilikata TEAMS, na Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, Afrika Mashariki yote ikatambaa kwa siku kadhaa. Siku hizo nilipigiwa simu na watu waliokuwa wamekwisha kununua ruta mpya. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, muulize jirani aliye na kampuni nyingine. Naye akilia kilio chako, tulia.

Waifai sitaichambua sana. Ruta isiwekwe ndani ya kabati la chuma, wala juu ya mashine ya maikrowevu ambayo hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, wala sakafuni. Kuta zetu za mawe humeza mawimbi ya gigahezi 5 upesi, kwa hiyo masafa hayo yatumie kwa chombo kilicho chumba kimoja na ruta, na yale ya 2.4 kwa kilicho mbali. Katika fleti za Ruiru, ambapo ukifungua simu huona majina ya ruta thelathini za majirani, chagua mkondo wa 1, 6 au 11, maana hiyo mitatu tu ndiyo isiyoingiliana, nawe uutwae ule wenye watu wachache.

Katika habari ya ulinzi nitakaa zaidi. Kila ruta na kila kamera hutoka kiwandani na jina na neno la siri linalojulikana dunia nzima, na asiyelibadilisha ameacha ufunguo mlangoni. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai, ikiwa na orodha ya takriban majozi 60 tu ya majina na maneno ya kiwandani, ilizunguka intaneti ikijaribu kila kamera na kila mashine ya kurekodi picha, ikakusanya malaki ya vyombo hivyo, na tarehe 21 Oktoba ya mwaka huo vyombo hivyo vilitumwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti mashuhuri kama Twitter na Netflix zisifikike kwa saa nyingi. Wenye kamera hawakujua lolote. Nawe uliyeweka kamera nane kuzunguka ploti yako ya Membley ili uwaone wezi, jiulize ni nani mwingine anayezitazama, na ubadilishe neno lake leo. Katika ruta, zima kile kitufe cha urahisi kiitwacho WPS, ambacho udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Wateja wanaotaka waifai wafungulie mtandao wa wageni ulio mbali na kompyuta ya hesabu. Ruta nyingi za kisasa zina nafasi hiyo, nayo hufunguliwa kwa kubonyeza mahali pawili tu.

Na lile neno la siri lenyewe? Watu huteswa na sharti la kulibadilisha kila mwezi, matokeo yake huandika Duka01, kisha Duka02, kisha hulibandika kwa gundi chini ya kibodi, na wadukuzi wanajua pa kutazama. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikwisha kusema 2017 kwamba kulazimisha mabadiliko ya mara kwa mara hakuna faida, na kwamba urefu wa neno ni bora kuliko ukorofi wake. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili au ya Kikuyu au ya lugha yoyote uipendayo, uyaunganishe, na kwa baruapepe na benki uwashe uthibitisho wa hatua ya pili. Sehemu mbili zisiwe na neno moja kamwe, na baruapepe kuliko zote, maana mwenye kuiteka baruapepe yako huomba maneno mengine yote yabadilishwe, naye huletewa.

Masasisho ya kompyuta yasiahirishwe. Ijumaa ya 12 Mei 2017 ilienea programu ya WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ikalemaza hospitali za Uingereza. Na dawa yake Microsoft walikuwa wameitoa mwezi Machi, miezi miwili nyuma. (Msomaji makini ameona kwamba tarehe hiyo ya 12 Mei ni ile ile ya kukatika kwa kebo miaka saba baadaye, mimi siku hiyo sipangi kazi kubwa.) Hata hivyo sharti haki itendeke kwa pande zote mbili: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 kwa mpigo. Ikiwa una kompyuta kumi, sasisha moja, uitazame kwa siku moja, kisha uzisasishe tisa.

Kinachokuokoa katika hali zote mbili ni nakala za akiba. Weka nakala tatu za hesabu zako: ile unayoitumia, nyingine kwenye diski ya nje, na ya tatu mahali pengine kabisa, nyumbani au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nje ichomolewe baada ya kazi, kwa sababu programu ya kudai fidia hufunga kila diski iliyochomekwa, na mwizi huchukua diski pamoja na kompyuta. Mara moja kwa robo mwaka, rudisha faili moja kutoka katika nakala hizo ulifungue. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Nayo tarehe ya jaribio uiandike daftarini.

Simu yako nayo ni sehemu ya mtandao, tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na huenda ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Mwuza duka asitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mteja. Atazame simu ya dukani, na ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kutoka namba ya mtu. Anayepiga simu akilia kwamba amekutumia fedha kwa makosa, usimrudishie kwa mkono wako: mwambie aupeleke ujumbe wake kwa 456 afuate utaratibu. Hatari kubwa zaidi ni ya laini yako kubadilishwa na laghai aliyejifanya wewe, kwani laini ikihama, huhama nayo kila neno la uthibitisho linalotumwa kwa simu. Mwenye laini ya Safaricom hupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe na wakala wa barabarani, na *106# ili aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Fanya yote mawili kabla hujamaliza kusoma.

Neno kwa wenye saiba, ambao nawaheshimu, maana katika mitaa hii ndio makarani wa umma: mwezi Juni, siku za mwisho kabla ya tarehe 30, foleni ya ritani za KRA huanzia kwenye kaunta hadi nje, na wazee kwa vijana hutoa vitambulisho vyao kwa imani kamili. Katika kaunta nyingi liko daftari jingine, si lile nililolisifu, bali daftari dogo la mazoezi lenye majina ya wateja, namba zao za KRA na maneno yao ya siri ya eCitizen, na neno mara nyingi ni moja kwa wote, kwa kuwa saiba ndiyo iliyolitunga. Najua sababu: mteja husahau, na mwakani atarudi akiuliza. Lakini daftari hilo likiibwa, mwizi ameingia katika nyumba mia kwa siku moja. Mwandikie mteja neno lake kwenye karatasi yake, aondoke nalo, na ufute nakala ya kitambulisho chake katika kompyuta kabla hajafika stejini. Hatari ni hiyo hiyo kwa kile kitabu cha getini, ambacho bawabu humwandikisha kila mgeni jina, kitambulisho na simu, kikakaa wazi apate kukisoma mgeni anayefuata.

Haya si adabu tu bali ni sheria, ile ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwenye biashara ya mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi husamehewa kujisajili, isipokuwa shule, hospitali na kazi nyingine zilizotajwa. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Wakuu wa shule za Thika wanaopenda kupamba kurasa zao kwa nyuso za wanafunzi nawaomba waisome tena namba hiyo.

Na siku utakapoona mafaili hayafunguki, au baruapepe inatuma barua usizoziandika, chomoa waya wa mtandao na uzime waifai ya kompyuta hiyo, lakini usiifute, kwa maana ushahidi umo ndani yake. Piga picha ya kilicho kwenye kioo. Badilisha maneno ya siri ukitumia chombo kingine kilicho safi, ukianzia na baruapepe, kisha ufungue daftari uone ni vyombo gani vingine vilivyokuwa vimeunganishwa na kompyuta iliyoshambuliwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 humtaka mwenye mtandao kuiarifu kamati ya taifa inayohusika ndani ya saa 24. Fundi au kampuni inayokutunzia data inapaswa kukuambia wewe ndani ya saa 48 tangu ilipojua. Nawe, ikiwa taarifa za watu zimevuja na zaweza kuwadhuru, una saa 72 za kumfikia Kamishna wa Data. Saa hizo huhesabiwa tangu ulipojua, hata ikiwa umejua Ijumaa jioni.